Kiporo cha sikukuu kiwe mchuzi: maswali yanayoulizwa kila baada ya Idi na Krismasi

Kila ikipita Idi na kila ikifika tarehe 26 Desemba maswali ni yale yale, nyama imebaki, pilau imebaki, wageni wengine bado wapo sebuleni na mpishi hana hata hamu ya kuiona sufuria. Nimeyaweka yote hapa pamoja, wewe tafuta lako usome uende jikoni. Kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mchoke: mchuzi unaiva wenyewe kwanza, nyama inaingia mwisho. Nyama choma ngumu ndiyo ina kesi yake, nayo ipo huko chini.

Nianzie wapi? Nina nyama tu kwenye friji na kichwa hakifanyi kazi.

Anza na vitunguu kama siku zote. Kwa watu wanne watano hivi chukua nyama iliyokwisha iva kama nusu kilo, vitunguu maji viwili, nyanya nne zilizoiva vizuri, viazi vitatu, karoti moja, hoho moja, kitunguu saumu punje nne na kipande cha tangawizi vyote umevitwanga, bizari ya mchuzi kijiko kimoja cha chai. Mafuta vijiko viwili tu, usimimine kama unakaanga maandazi, kwa sababu nyama ya sikukuu inakuja na mafuta yake.

Kaanga kitunguu mpaka kianze kuwa rangi ya dhahabu, tia saumu na tangawizi, koroga nusu dakika harufu ipande, tia bizari, halafu nyanya. Hapa kwenye nyanya ndipo watu wengi wanakimbilia kumwaga maji na mchuzi unatoka na ule ukali wa nyanya mbichi. Subiri. Funika dakika tano, funua, koroga, ponda na mwiko, endelea mpaka uone nyanya zimekuwa uji mzito, haziachi maji tena na mafuta yameanza kujitenga pembeni mwa sufuria. Ukiona hayo mafuta ya rangi ya chungwa yanachungulia pembeni basi umemaliza kazi ngumu. Sasa tia viazi na karoti, vikombe viwili vya maji, funika mpaka viazi vilainike, kama robo saa kutegemea umevikata vipi. Halafu hoho na nyama, chemsha mpaka itokote kweli kweli na nyama ipate moto mpaka ndani, dakika tano mpaka nane inatosha. Chumvi onja mwishoni kabisa, giligilani juu, epua. Kwa jiko la gesi yote hiyo ni nusu saa na ushee, kwa mkaa ongeza muda wa kuwasha na kupepea.

Kwa nini nyama iingie mwisho? Mama yangu alikuwa anaanza na nyama.

Mama alikuwa anaanza na nyama mbichi, ni haki yake. Nyama yako imeshapikwa jana, ukiirudisha motoni dakika arobaini inakuwa nyuzi nyuzi, hasa kifua cha kuku na nyama isiyo na mafuta, maji yake yote yanatoka na unabaki unatafuna kamba. Kinachotakiwa ni ipate moto wa kutosha na ivute mchuzi kidogo, basi.

Pilau imebaki nusu sufuria. Nitie wali wote kwenye mchuzi?

Hapana jamani, utapata uji. Chagua nyama na viazi kutoka kwenye pilau kwa uma, weka pembeni, hivyo ndivyo vinaingia kwenye mchuzi. Wali wenyewe nyunyizia maji kama robo kikombe, funika, pasha kwa moto mdogo au uupalie makaa juu ya mfuniko, uwe na moto mpaka katikati, kisha umwagie mchuzi kwenye sahani. Pilau ya jana huwa imekauka, ikipata mchuzi inarudi uhai.

Kitu cha kuangalia: hiyo nyama imeshakula bizari nyembamba, hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, kwa hiyo kwenye mchuzi usitie tena masala ya pilau. Tia nyanya, saumu, tangawizi na ndimu mwishoni, viungo vingine vipo tayari. Karafuu ndiyo inayoharibu zaidi, ikizidi mchuzi wote unanuka dawa ya meno.

Kachumbari iliyobaki nitupe?

Usitupe, hiyo ni msingi wa mchuzi umeshakatwa tayari! Kachumbari ni kitunguu na nyanya, wewe unataka nini tena. Imwage kwenye chujio itoe maji, toa vipande vya tango na kabichi kama vipo maana tango kwenye moto linakuwa kamasi, halafu kaanga kilichobaki kwenye mafuta mpaka kikauke. Kumbuka ina chumvi na ndimu tayari kwa hiyo hizo usiongeze mpaka uonje. Ila nazungumzia kachumbari iliyokaa kwenye friji, siyo ile iliyoshinda mezani tangu saa saba mchana kila mgeni akichota na kijiko chake. Hiyo muage.

Nyama choma imekuwa ngumu kama soli, inafaa?

Inafaa sana, na hapa ndipo kanuni yangu inapinduka. Nyama choma ya ng'ombe au mbuzi iliyolala haitaki dakika tano, inataka muda. Fanya hivi: kwanza kwangua au kata sehemu zilizoungua nyeusi, zile zikiingia kwenye mchuzi unakuwa mchungu na hakuna kiungo cha kuuokoa. Pili kata vipande vidogo ukikatiza nyuzi za nyama, angalia nyuzi zinaelekea wapi halafu kisu kipite kuzikata, siyo kufuatana nazo. Tatu chemsha hivyo vipande kwenye maji na tangawizi kwa moto mdogo, sufuria imefunikwa, dakika arobaini mpaka saa nzima, mwenye presha kuka robo saa mpaka dakika ishirini. Maji yake usimwage, ndiyo utayatumia kwenye mchuzi na yana ile harufu ya moshi ambayo hata ukinunua viungo gani huipati. Wakati nyama inachemka wewe unakaanga vitunguu na nyanya kwenye sufuria nyingine, mwisho vinakutana.

Mbuzi ana mafuta yanayoganda meupe akishapoa, yaengue kabla hujapasha, ukiyaacha mchuzi ukipoa kidogo tu yanashika kwenye midomo.

Kuku aliyebaki je? Wa kuchoma na wa kukaanga ni sawa?

Wa kuchoma mchambue, nyama weka pembeni, mifupa usitupe. Mifupa na migongo chemsha na kitunguu kimoja na tangawizi kama dakika arobaini, chuja, hayo ndiyo maji ya mchuzi wako. Nasema mifupa iliyobaki jikoni, au ya kuku uliyemchambua mwenyewe, siyo ile ya kukusanya kwenye sahani za wageni, kuna mtu aliuliza hilo na nikabaki kimya kwanza.

Kuku wa kukaanga aliyepakwa unga mvue hilo koti, likilowana linakuwa matope. Kuku wa kienyeji anavumilia kuchemka tena bila shida na anazidi kuwa mtamu, wa kisasa mtie mwisho kabisa kwa sababu anameguka haraka na unabaki na mchuzi wenye vinyuzi.

Rojo la biriani limebaki lakini nyama imeisha.

Una bahati kuliko wote, kazi yote ngumu imeshafanyika. Rojo hilo lina vitunguu vya kukaanga, nyanya, mara nyingi na mtindi, liongeze maji kikombe kimoja, tia viazi vya kuchemsha na mayai ya kuchemsha au nyama yoyote iliyobaki, lichemke polepole huku unakoroga. Kwa mkate wa boflo au chapati, chakula cha jioni hicho.

Na samaki wa kukaanga?

Pwani samaki kukaangwa kwanza halafu kuingizwa kwenye mchuzi ni kawaida kabisa, kwa hiyo hapa hata usiite mabaki. Pika mchuzi wa nyanya na tui mpaka uive, uwe mzito kidogo, mlaze samaki juu, mmwagie mchuzi kwa upawa, usikoroge! Tikisa sufuria tu. Dakika tano, kamulia ndimu baada ya kuepua. Samaki aliyelala nje ya friji sitaki hata kumzungumzia.

Tui la nazi kila nikitia linakatika, nifanyeje?

Kuna sababu mbili kubwa, moto mkali na uchachu. Ukikuna nazi yako kwenye mbuzi, maji ya kwanza unayokamua ndiyo tui zito, weka pembeni, halafu tia maji tena ukamue tui jepesi. Tui jepesi ndilo la kupikia viazi, hilo halina ugomvi sana. Tui zito linaingia mwisho, moto umepunguzwa, na kuanzia hapo mwiko hautoki mkononi, unakoroga upande mmoja taratibu mpaka lianze kuchemka kidogo kidogo pembeni, hapo unaepua. Ukiliacha litokote kwa nguvu mafuta yanajitenga na yale mapande meupe yanaelea. Ndimu au ukwaju usitie pamoja na tui motoni, tia ukishaepua. La kopo ni hivyo hivyo, tikisa kopo kwanza kwa sababu zito linakaa juu.

Likishakatika linaliwa tu, halina madhara yoyote, ni sura imeharibika.

Mchuzi umekuwa na chumvi nyingi kwa sababu nyama ilikuwa na chumvi. Nitie kiazi kinyonye?

Hiki kiazi cha kunyonya chumvi kimesifiwa kupita uwezo wake. Kiazi kinanyonya mchuzi wote, chumvi na maji pamoja, hakichagui chumvi peke yake. Kinachosaidia ni kuongeza wingi: nyanya nyingine zisizo na chumvi, maji, tui, viazi vingi vya kula siyo kimoja cha kutupa. Ndimu kidogo inapunguza ukali mdomoni. Ndiyo maana nasema chumvi onja mwisho, nyama ya sikukuu imelala kwenye chumvi na viungo tangu usiku wa mkesha.

Mchuzi mwepesi mno, nitie unga wa ngano?

Unaweza ila mimi siupendi, unaleta ladha ya gundi. Ponda viazi viwili vitatu humo humo kwenye sufuria na upawa, utaona unashika wenyewe. Au karanga za kusaga vijiko viwili vilivyokorogwa kwanza na maji ya moto kwenye kikombe, ukizitia kavu zinafanya madonge. Au funua tu mfuniko uache uchemke, hakuna gharama.

Tulikuwa Moshi kwa Krismasi, tumerudi na ndizi na nyama ya mbuzi. Mchuzi au mtori?

Mtori bila kufikiri mara mbili. Kama una ndizi mshare ndiyo bora, ikikosekana ndizi mbichi yoyote ya kupika. Chemsha mifupa na nyama yenye mfupa upate supu, toa nyama pembeni. Menya ndizi ukiwa umepaka mafuta mikononi maana utomvu wake hautoki kirahisi, zichemshe kwenye ile supu na kitunguu na karoti mpaka ziwe laini kabisa, halafu ponda na mwiko mpaka iwe laini, wengine wanatia kwenye brenda na ni sawa ingawa mimi napenda vipande vidogo vidogo vikutane na jino. Rudisha nyama uliyoichambua, siagi kidogo au maziwa ukipenda, pilipili manga. Kwa mtu ambaye tumbo limechoka na mapilau ya siku tatu hakuna kitu kinachotuliza kama hiki. Ukipoa unaganda, ongeza maji ya moto wakati wa kupasha.

Niko Maskati, baada ya Idi tumebakiwa na shuwa.

Shuwa, hiyo nyama ya sikukuu ya Kiomani, imeshafukiwa chini kwenye shimo la makaa siku nzima mpaka mbili, inameguka yenyewe na imebeba viungo vyote. Usiipike tena, tengeneza mchuzi mwepesi wa nyanya, saumu na ndimu kavu iliyotobolewa, viazi, na shuwa ichanganywe mwishoni ipate moto tu. Bizari ya mchuzi hapo haina kazi.

Sisi tuko Marekani, kuna bata mzinga wa Thanksgiving amebaki kilo na kilo.

Huyo ni wa sikukuu yao ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na mpaka Jumapili kila mtu nyumbani ameshamchoka. Tenganisha: nyama nyeupe ya kifua ni kavu, mchuzi wa nazi mzito ndio unaomfaa, chambua nyuzi kubwa kubwa utie dakika za mwisho. Mapaja yana mafuta zaidi, hayo tia kwenye mchuzi wa nyanya na bizari na yanavumilia moto. Mifupa yake mikubwa inatoa supu ya maana, vunja iingie kwenye sufuria. Zile mboga za kuoka kama karoti na viazi tia mwishoni pia zimeshaiva. Sosi tamu ya kranberi iache huko huko kwenye mkate.

Haya twende kwenye la muhimu. Chakula kilichopikwa kinakaa muda gani?

Nje ya friji saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, kitu ambacho Dar mwezi Desemba kinatokea bila kuomba ruhusa, saa moja. Ndani ya friji yenye ubaridi wa nyuzi 4 au chini, siku tatu mpaka nne. Ukijua hutapika leo wala kesho gandisha mapema, usisubiri siku ya nne ndiyo ukimbilie friza.

Na usisukume sufuria zima la pilau ya moto kwenye friji, katikati yake itabaki vuguvugu usiku kucha na itapasha vingine vilivyomo. Gawanya kwenye vyombo vifupi vipana, acha mvuke utoke kidogo, ingiza.

Lakini sisi tumekula vya kulala mezani toka utoto na hatukufa.

Najua, na wengine tumeendesha usiku kucha tukasema ni mafuta mengi. Kwenye wali kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukikaa kwenye joto la nyumbani zinaamka, zinazaana na kutoa sumu ya kutapisha, na hiyo sumu haifi kwa kupasha. Ndiyo maana ile tabia ya kusema nitachemsha vizuri asubuhi haisaidii kwa chakula kilichoshinda nje. Kupasha kunaua bakteria, sumu iliyokwisha mwagwa inabaki. Na usitegemee pua, chakula kinaweza kunukia vizuri tu.

Nikiweka kwenye hotpoti usiku?

Hotpoti ni ya kutoka jikoni mpaka mezani. Baada ya saa kadhaa chakula kinashuka chini ya nyuzi 60 kikabaki vuguvugu, na vuguvugu ndiyo sherehe ya bakteria.

Umeme umekatika, friji ina nyama yote ya sikukuu!

Usifungue fungue kuangalia. Friji iliyofungwa inashika ubaridi kama saa nne, friza iliyojaa kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Umeme ukichelewa zaidi ya hapo, nyama na vilivyopikwa vya kwenye friji tupa, lakini kama hizo saa nne hazijapita na bado ni baridi kabisa basi ndiyo pika mchuzi wote sasa hivi mle, waiteni majirani. Nyama ya friza yenye barafu bado unaweza kuirudisha.

Sina friji kabisa.

Basi kiporo kisiwepo. Gawa siku hiyo hiyo kikiwa cha moto, sahani iliyofunikwa kwa jirani haijawahi kukataliwa. Nyama ya udhiya, ile ya kuchinja Idi kubwa, kwa desturi hugawanywa mafungu matatu, la nyumbani, la ndugu na marafiki, la wasionacho, na mimi naona ni busara hata kwa asiye na friji. Nyama mbichi iliyobaki mpe mwenye friza akutunzie, na unachopika pika cha kuisha.

Nipashe mara ngapi?

Mara moja. Toa kiasi mtakachokula, kingine kikae baridi. Na kupasha maana yake kitokote mpaka katikati, kama una kipimo cha joto ni nyuzi 74, kama huna basi mchuzi wote utoe mapovu na kipande kikubwa cha nyama ukikipasua kiwe kinatoa mvuke ndani. Maikrowevu inapasha kwa mafungu mafungu, simamisha katikati ukoroge.

Watoto hawali pilipili, wazee wanataka.

Pilipili mbuzi nzima yenye kikonyo, isipasuke, iogelee juu ya mchuzi dakika za mwisho. Inaacha harufu bila kuunguza. Ukimaliza itoe kwa upawa uiweke kwenye kibakuli cha wazee, wao watajua cha kuifanya. Ikipasuka ndani basi watoto wakaangiwe mayai.

Kitimoto cha Krismasi nacho, yaani nyama ya nguruwe?

Kinakubali vizuri. Kikaange kikavu kwanza kitoe mafuta, mwaga mafuta mengi, halafu kitunguu, hoho, nyanya, ndimu nyingi, kiwe rosti zaidi kuliko mchuzi. Ndizi za kuchemsha pembeni. Sufuria yake na mwiko wake viwe vyake kama nyumbani mnapokea wageni wa kila imani.

Mkwe anakuja leo jioni bila taarifa na kilichopo ni kiporo. Atajua?

Hatajua kama vitunguu na nyanya ni vya leo na giligilani ni mbichi, maana pua inakutana na hivyo kwanza. Chapati za jana zikate vipande virefu, zipitishe kwenye kikaango kikavu. Akiuliza nyama umenunua bucha gani, mwambie ongeza mchuzi mama.